Redio Chini ya Mabati Mapya

Habari yenyewe Nyirabahire aliipata gulioni, tena aliipata nusu. Alikuwa ameinama kuchagua maharage ya mbegu, mara Anatolia, muuza karanga, akamshika mkono na kumvuta nyuma ya magunia. Anatolia alikuwa na asili ya Burundi, mtu wa kupenda redio kuliko chakula, na kwa kawaida salamu zake zilikuwa ndefu mpaka mtu akachoka. Siku hiyo hakusalimia.

“Wewe si ndiye Nyirabahire wa Polikarpi?” alimwuliza. “Jana jioni nimesikia unatafutwa.”

Akaeleza. Kwenye ile redio ya mbali, ya huko Ulaya, inayosoma kwa Kinyarwanda majina ya watu waliopoteana na ndugu zao, mtangazaji alisema kwamba Nyirabageni binti Polikarpi yu hai, na anamtafuta dada yake Nyirabahire aliyeolewa Nyakakika, Karagwe. Alitaja na mahali alipo. Hapo hapo mtoto wa Anatolia akapindua sufuria ya uji, kikazuka kilio, na mama alipomaliza kumpangusa, mtangazaji alikuwa amekwishafika kwa watu wengine.

“Yuko wapi?” Nyirabahire aliuliza, kana kwamba hakusikia habari ya uji.

“Ndiyo nakwambia, dada yangu, hapo sikusikia. Ila huwa wanarudia. Sikilizeni kila jioni, msikose.”

Nyirabahire aliyaacha maharage yake pale pale na kushika njia. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1994, na tangu mauaji ya Rwanda yaanze mwezi wa Aprili alikuwa amewauliza watu wote waliovuka Mto Kagera kama wamemwona mdogo wake, mwanamke mrefu mwenye mwanya, aliyeolewa ng’ambo. Hakuna aliyemwona. Mwezi wa nane alikata tamaa, akapeleka jina parokiani, Nyirabageni akaombewa misa ya marehemu. Sasa njia nzima alikuwa akicheka peke yake na kuona haya kwa ajili ya ile misa, na waliopishana naye walimtazama mara mbili.

Mumewe, Evaristi Mbonimpa, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakulizoea. Nyirabahire alitaka kesho yake aanze kuzunguka kambi. Evaristi akamwuliza ataanza na ipi. Kambi ziko Karagwe, ziko Ngara, ziko Burundi, ziko Zaire, na kila moja ina watu kama senene. Mtu hatafutwi humo kama kuku aliyelala kwa jirani. Tena kwa nini wahangaike, wakati redio wanayo?

Redio walikuwa nayo, ni kweli. Ilikaa juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na Evaristi peke yake ndiye aliyeifunua. Na juu ya redio kulikuwa na kitu alichokipenda zaidi ya redio, yaani mabati. Mwaka huo bei ya kahawa ilipanda kwa namna ambayo hata wazee hawakuikumbuka, na Evaristi akafanya lile ambalo kila mwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa, aliota kulifanya. Aliziteremsha nyasi zote za nyumba kubwa, akaezeka upya. Mabati yaling’aa mpaka barabarani. Jiko tu, kibanda kilichokuwa nyuma, ndilo lilibaki la nyasi, maana hakuna mwenye akili anayenunua bati ili alilishe moshi.

Tangu waezeke, redio hawakuisikiliza sana. Ilikuwa inakwaruza, na Evaristi alisema ni mvua za msimu. Sasa jioni hiyo aliifunua kwa heshima zote, mke na binti yao mkubwa, Uwimbabazi, wakakaa kwenye mkeka. Redio ikakohoa. Ikatoa maneno mawili matatu ya Kinyarwanda, yakazama, yakaibuka, yakazama tena. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo, na hata hayo mawili matatu hayakusikika.

*

Ugonjwa wa redio, kila mtu anajua, ni mawe. Ndivyo wengi walivyoziita betri, na ndivyo Evaristi alivyoanza. Alinunua mawe mapya dukani kwa Novatus, ya bei ya juu, akayapanga mwenyewe. Redio ikakwaruza kwa nguvu zaidi kuliko zamani.

Basi akasema ni antena, ambayo kwa kweli ilikuwa imevunjika kiunoni siku nyingi. Alitafuta waya, akaufunga kwenye kile kipande kilichobaki, na ncha ya pili akaipandisha darini na kuikaza kwenye msumari wa bati. Alijisifu kwa hilo. Kama kijiti kidogo cha chuma kinaweza kukamata sauti kutoka Ulaya, je, paa zima? Uwimbabazi alikuwa na shaka, lakini binti hamfundishi baba yake juu ya paa alilolinunua mwenyewe.

Redio ikanyamaza kabisa. Ikabaki kuvuma tu.

Wakaondoa waya. Wakaihamishia redio dirishani, wakailaza, wakaisimamisha, wakaielekeza Bukoba, wakaielekeza Rwanda. Wakaitoa barazani, na kweli pale ilianza kusema, lakini upepo ukaingiza mvua mpaka ukutani na Evaristi akaikumbatia na kurudi nayo ndani mbio. Mwishowe Uwimbabazi aligundua kwamba akishika antena kwa mkono mmoja na kuunyosha wa pili dirishani, sauti inapanda kidogo. Msichana mzima, aliyekwisha kuposwa, akawa amegeuka antena. Alisimama hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, mama yake akiwa amebandika sikio kwenye kitambaa cha redio, na baba yake akimwambia apande kidogo, ashuke kidogo, asipumue.

Na ndipo waliposikia. Sauti ilipanda ghafla, safi, ikasema, “…aliyeolewa Nyakakika, Karagwe…” Kisha ikazama.

Ilipoibuka tena ilikuwa inasoma majina ya watoto.

Uwimbabazi alishusha mkono taratibu. Nyirabahire alibaki ameinama pale pale, sikio kwenye redio, mpaka muziki wa kufungia kipindi ukapigwa. Wamerudia, alisema hatimaye, na sisi tumekosa. Akaenda jikoni kuepua chakula, na usiku huo ndizi zilikuwa hazina chumvi wala hakuna aliyeuliza chumvi.

*

Siku iliyofuata Nyirabahire alijifunga kitenge kizuri, akaenda dukani kwa Novatus jua lilipokuwa linazama. Novatus alikuwa Mhaya wa Muleba, mfanyabiashara, mtu wa kanisa, si mtu mbaya. Redio yake kubwa ilitumia betri ya gari na ilisikika mpaka njia panda. Watu waliketi kwenye benchi la nje, chini ya kivuli cha turubai, wakingoja taarifa ya habari ya Dar es Salaam.

Nyirabahire alieleza shida yake. Novatus akasikitika kwa dhati, akageuza kitufe, akaitafuta ile stesheni, na mara Kinyarwanda kikajaa dukani, wazi kabisa, kila jina na kijiji chake. Nyirabahire alishika ukingo wa meza ya duka kwa mikono miwili.

Lakini benchini wakaanza kunung’unika. Mmoja alitaka habari za bei ya kahawa. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi hata dukani mtu hajui yuko nchi gani. Adelgunda, mke wa Novatus, akatoka ndani akifuta mikono, akamwinamia Nyirabahire kama mtu anayemwambia siri ya mapenzi.

“Mama Uwimbabazi, usinielewe vibaya,” alisema. “Watu wakisikia lugha hiyo hapa kila siku, watasema tunafuga wakimbizi. Biashara yenyewe unaiona.”

Novatus akatazama benchi, akamtazama mkewe, akarudisha kitufe Dar es Salaam. Alimwongezea Nyirabahire kiberiti cha bure. Nyirabahire alishukuru, maana kutoshukuru kungekuwa kukosa adabu, akarudi nyumbani na kiberiti chake mkononi. Alikuwa Nyakakika tangu angali mtoto wa kubebwa. Watoto wake wote walizaliwa hapo, na hao walio benchini walikuwa wamekula maharage yake misibani na arusini.

Nyumbani nako hakupokewa vizuri. Evaristi alikuwa amekwisha kusikia.

“Umeniaibisha,” alisema. “Mke wa mtu mwenye redio anakwenda kuomba redio dukani. Wataniita nini?”

“Watakuita shemeji wa Nyirabageni,” mkewe alimjibu. “Akipatikana.”

*

Mambo ya mwanamke hupatiwa dawa jikoni. Alasiri moja, Evaristi akiwa ameenda kukata miti, Uwimbabazi aliamua kuyapasha mawe moto kando ya mafiga, kama watu wote wafanyavyo mawe yakichoka. Kuyatoa na kuyapanga tena ni kazi, na baba anaweza kurudi wakati wowote. Akabeba redio nzima, akaiweka kwenye kigoda karibu na moto, na ili ajue kama yameshapata nguvu, akaiwasha.

Redio ikasema. Haikukohoa, haikuzama. Ilisema kama mtu aliyeketi pale jikoni akimenya ndizi.

Mama yake alikuja mbio kutoka kibanjani, kisu mkononi. Wakaamini ni moto. Wakaipeleka redio sebuleni mawe yakiwa bado ya vuguvugu, ikakwaruza. Wakairudisha jikoni, ikasema. Wakangoja moto uzimike na mawe yapoe kabisa, ikaendelea kusema. Wakaipeleka tena sebuleni, ikafa. Ilikuwa kazi ya kwenda na kurudi uani na redio chini ya kitenge kama watu walioiba, na waliporudi jikoni mara ya mwisho mama na binti walitazamana, kisha wote wawili wakatazama juu kwenye nyasi nyeusi za masizi.

“Ni bati,” Uwimbabazi alisema.

“Usimwambie baba yako hivyo. Ngoja nimwambie mimi.”

Alimwambia kwa upole wote alionao, akamalizia kwa kulisifu paa. Evaristi alikataa katakata. Bati halili sauti. Bukoba mji mzima ni bati, na mji mzima una redio. Hata kama ingekuwa kweli, redio yake haitakwenda kufukizwa moshi katikati ya vyungu, na yeye je, atakwenda kukaa wapi? Kwenye kinu? Mwanamume anayekaa jikoni na mke wake, vijijini kwetu, hutungiwa jina kabla chakula hakijaiva, na huzikwa na jina hilo. Isitoshe, Jumapili anakuja Novatus na mkewe kuliona paa. Wageni wamekuja kuona nyumba ya bati, halafu mwenye nyumba awakaribishe kwenye kibanda cha nyasi?

Nyirabahire hakubishana. Nusu ya woga wa mumewe aliuelewa. Mtu ameishi miaka yote chini ya nyasi zinazovuja, amepata bati, na kitu cha kwanza anachoambiwa ni kwamba bati lina kasoro. Lakini usiku hakulala. Kila alipofumba macho aliisikia ile sauti ikisema Nyakakika, Karagwe, na kuzama.

*

Jumapili Novatus na Adelgunda walikuja jioni, na mvua ikaja nyuma yao. Waliliona paa, wakaligonga, wakalisifu. Wakaletewa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu na senene za kukaanga. Redio ilikuwa juu ya kabati imefunuliwa, imewashwa, kwa sababu nyumba ya bati yenye redio iliyozimwa ni kama bwana arusi asiye na viatu. Ilikuwa inakwaruza, na Evaristi alikuwa amewaeleza wageni kwamba ni mvua. Mvua nayo iliongeza kishindo, mpaka ikabidi Novatus amwambie mwenyeji wake mara tatu kwamba paa ni zuri.

Saa ya majina ikafika. Katikati ya mikwaruzo Nyirabahire aliitambua sauti ya mtangazaji, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng’ambo ya bonde. Alisimama. Akaweka chini sahani ya senene. Akaenda kwenye kabati, akaichukua redio kwa mikono miwili, mbele ya mumewe na mbele ya wageni.

Evaristi alimwuliza anaipeleka wapi. Aliuliza akitabasamu, kwa ajili ya wageni.

“Baba Uwimbabazi, unisamehe,” alisema. “Bati nalishukuru. Lakini mdogo wangu hawezi kupita hapa.”

Akaifunika redio kwa kitenge chake, akakatiza uani kwenye mvua bila kukimbia, na Uwimbabazi nyuma yake.

Sebuleni zikabaki kelele za mvua tu. Adelgunda alichezea kikombe chake. Labda alikuwa anaikumbuka ile jioni ya dukani, maana alikuwa wa kwanza kunyanyuka, akasema anakwenda kumsaidia mwenzake, ingawa hakusema kumsaidia nini. Wakabaki wanaume wawili chini ya paa jipya. Evaristi akafungua mdomo, akasema kitu, Novatus akaweka mkono sikioni, Evaristi akarudia, Novatus akatikisa kichwa kwamba hasikii. Ni vigumu kumsifia mtu bati katika hali hiyo. Evaristi akalitazama kabati lililobaki na kitambaa kitupu. Kisha akasimama, akatoka, akapita uani akiloa, na mlangoni mwa jiko akainama, maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia.

Ndani kulikuwa kimya. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya nyasi na kishindo chake hakikusikika. Nyirabahire alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda, na sauti ya mtangazaji ilijaa jikoni, tulivu, ikisoma. Mtu wa Kibungo anamtafuta mama yake. Mtu wa Byumba anawatafuta wanawe. Hakuna aliyemsogezea Evaristi kiti, basi akakaa juu ya kinu. Novatus akaingia nyuma yake, akakaa juu ya gunia la mkaa.

“Nyirabageni, binti Polikarpi,” redio ilisema, “anamtafuta dada yake Nyirabahire, aliyeolewa na Mbonimpa, Nyakakika, Karagwe. Yeye yu hai, pamoja na binti yake. Yuko kambi ya Rubwera, wilaya ya Karagwe, Tanzania.”

Redio ikaendelea na majina mengine.

“Rubwera ipi?” Evaristi aliuliza kwa sauti ndogo.

“Rubwera yetu,” Novatus alisema. “Rubwera hii hii, na waliomo hawaruhusiwi kutoka. Jumanne mimi napeleka mzigo huko. Kila wiki napeleka.”

Nyirabahire alikuwa ameketi chini kabisa sasa, miguu mbele yake kama mtoto. Sauti ilikuwa imetoka Rubwera, ikaenda Ulaya, ikavuka bahari na milima kurudi, kuja kumwambia kwamba mdogo wake yuko wilaya moja naye, ananyeshewa na mvua ile ile. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, kisha kikarudi kuwa kicheko, na Adelgunda akamshika mabega akalia naye bila kuombwa. Evaristi alikuwa akifuta macho kwa mkono wa koti. Alisema ni moshi, na moshi kweli ulikuwepo.

Uwimbabazi akanyoosha mkono kuizima redio, kuokoa mawe. Mama yake akamzuia.

“Acha amalize,” alisema. “Wengine bado wanatafutwa.”

Wakasikiliza mpaka jina la mwisho.

*

Jumanne Nyirabahire na mumewe walikwenda kwa lori la Novatus, wameketi juu ya magunia ya sukari. Mchana mzima ulipita kwa kuuliza na kuelekezwa, hema hadi hema, mpaka mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa kwenye foleni ya maji akageuka aliposikia anaitwa kwa jina lake la utotoni. Mwanya ulikuwepo. Mengine mengi hayakuwepo. Mumewe hakuwepo, na watoto wawili wakubwa hawakuwepo, na siku hiyo hakuna aliyewaulizia. Baada ya maelezo marefu kwa wenye kambi, waliruhusiwa kuondoka naye na binti yake mdogo, na walirudi Nyakakika siku ya pili yake, dada wawili wameshikana mikono njia nzima kama wasichana waendao kisimani.

Jioni hiyo jiko lilijaa. Alikuwepo Anatolia, alikuwepo Adelgunda na sufuria ya nyama aliyoipika kwake, na walikuwepo majirani wawili watatu wenye asili ya ng’ambo, kila mmoja na jina la ndugu yake moyoni, wamesikia kwamba jiko la Nyirabahire halikwaruzi. Evaristi alikuwa kwenye kinu. Alikuwa amekwisha kutungiwa jina kijijini, si zuri sana, na alikuwa amegundua kwamba mtu haumwi nalo kama alivyodhani. Nyirabageni alikuwa karibu na moto, mtoto amelala mapajani, sahani ya ndizi na maharage mkononi. Alikuwa anakula polepole, kama mtu anayehofu sahani itaondolewa.

Mtangazaji akaanza kusoma. Akasoma wa Gitarama, akasoma wa Kibungo, akasoma mzee mmoja anayewatafuta wajukuu. Kisha, kwa sauti ile ile tulivu, akasema kwamba Nyirabageni binti Polikarpi anamtafuta dada yake Nyirabahire, aliyeolewa na Mbonimpa, Nyakakika, Karagwe.

Nyirabageni aliacha kutafuna. Aliitazama redio kwa muda, akamtazama dada yake aliyekuwa kando yake akimwongezea maharage.

“Mwambieni nimempata,” alisema.